Tungule na Deni

Skuli wamemfundisha Salwa kuandika nyanya.
Nyumbani twasema tungule, na nyanya ni mimi,
nimekaa juu ya mbuzi ya nazi iliyong'oka meno
namchungulia mche usiozidi vidole vinne.

Ua wangu hapa Langoni hauna udongo.
Una vumbi la kuta, matumbawe yaliyosagika,
kigae cha sahani ya nani sijui,
na kisima ambacho maji yake
ukipikia mchuzi huhitaji chumvi.
Wakanicheka: Mwana Tima, si ununue sokoni?
Zavuka kila asubuhi kutoka Mpeketoni, makreti kwa makreti.
Kweli zavuka.
Lakini zafika zimechoka,
kama wageni waliosimama safari nzima.

Nilianza na moja iliyopondeka, ya shilingi tano.
Nikaikamulia kikombeni, ikachacha siku tatu,
mbegu zikazama, utelezi ukaelea.
Nikazianika juu ya risiti ya umeme
zikagandia palepale palipoandikwa deni.
Sikuzibandua.
Nikapanda mbegu na deni lake.

Siku ya sita, ndani ya kopo la samli,
shingo zilitoka zimepinda,
zikajinyoosha mbele ya macho yangu
kama watu wanaoinuka kutoka sijda.

Miche sita. Ndoo sita zilizotoboka.
Nikazika kila shina hadi kwenye majani ya kwanza,
maana shina la mtungule likifukiwa
hutoa mizizi ubavuni.
Marehemu Lali angenibishia hili.
Yeye alibisha kila kitu, hata jua.

Maji ni ya mvua, mitungi mitatu, sina zaidi.
Salwa hunywesha kabla ya kwenda skuli,
kikombe kikombe, shinani,
na akirusha tone moja juu ya jani
hugeuka kuniangalia kama nimeona.
Nimeona.

Maua yalipofika ya tatu
nikasahau kulaza komeo.
Punda wa Famau akaingia bila hodi.
Akala miche minne
na kipande cha leso nilichofungia fito.

Nilikwenda kwa Famau na kijiti kimoja mkononi,
kijiti chenye alama za meno,
nikakiweka juu ya baraza lake kama hati ya mahakama.
Alikitazama muda mrefu.
Akasema, "Mwana Tima, huyu hayawani hana mato ya kujua ua wa mtu."
Sikumjibu.
Kesho yake akabisha hodi na magunia mawili ya samadi.
"Ni ya huyohuyo," akasema. "Imekaa tangu mfungo. Ikiwa mbichi huunguza."

Basi nikapanda tena
katika kile alichokula yule mwizi.

Miezi miwili nimechuma vichipukizi vya kwapani,
vidole vimegeuka kijani kibichi cha uchungu
kisichotoka kwa sabuni, na harufu yake
huingia hadi kwenye unga wa mahamri.
Tungule za kwanza zikaoza vitako, nyeusi, kavu.
Nikalaumu kisima, nikalaumu jicho la jirani.
Kumbe ni mimi: leo nanywesha mara mbili,
kesho nina harusi Mkomani, nasahau.
Mti haukutaka maji mengi.
Ulitaka nitimize miadi.

Nilisaga maganda ya mayai kwenye kinu.
Nikaacha kusahau.

Leo asubuhi moja imeiva hadi mabegani.
Salwa ameizunguka mara saba bila kuigusa.
Tumeikata kwa kisu cha samaki kilichosuguliwa ndimu,
nusu yake, nusu yangu, chumvi kidogo,
na hatukusema neno, hata la kusifu.

Tatu nimempelekea Famau chini ya kawa.

Kisha kichwa kile kirefu kikachomoza mlangoni,
masikio mbele, adabu nyingi.
Nikasukuma mlango kwa mguu.
Nikafikiri.
Nikaufungua upana wa kiganja,
nikamtupia ile iliyopasuka.
Deni ni deni.