Daftari la Madeni

Nazibrola hakuanza kuandika kwa kuwa ana la kusema.
Duka la babake lilifungwa,
na daftari la madeni lilibaki na kurasa tupu nyuma.
Huku Svaneti theluji huziba njia miezi mitano;
karatasi haitupwi.

Kurasa za mbele, mwandiko wa baba:
Tariel, sukari kilo mbili, atalipa viazi vikivunwa.
Mjane wa Besarioni, chumvi, mafuta ya taa, sindano.
Tariel, viberiti.
Tariel, soksi za sufu, jozi moja.
Kisha Tariel haonekani tena.
Jina limepigwa mstari kwa rula, taratibu,
na pembeni, kwa penseli hafifu: limelipwa.

Dawa ya deni kulipa, tunasema sisi.
Hatusemi nani alipe mdaiwa akishazikwa.

Mwaka ule vijana walishuka bondeni kwa lori.
Kitabu cha shule kina sura nzima juu ya vita ile,
tarehe zake, ramani yenye mishale myekundu.
Soksi hazimo.

Akaandika: mashujaa. Akafuta.
Akaandika: damu. Akafuta,
akaenda kukama.

Ng'ombe akamkanyaga kidole.
Maziwa yakafuka mvuke ndooni,
na huko juu, mlimani, theluji ikakatika
kwa mlio wa ubao unaovunjwa gotini.
Akajikuta anahesabu, shavu kwenye ubavu wa ng'ombe,
kama baba alivyomfunza angali mdogo:
moja,
mbili,
tatu,
ukifika nne na ukuta haujatikisika
poromoko limekwenda kwa wengine.

Nne.
Ng'ombe anacheua.

Ndipo akauelewa ule mstari wa rula,
ulivyonyooka mno, pasipo kutetemeka hata chembe:
mtu aliuchora huku amezuia pumzi,
anahesabu.

Usiku, chini ya taa, akafungua nyuma ya daftari.
Hakuitaja vita. Hakuutaja mlima.
Akaandika tu: Tariel, soksi za sufu.
Rangi siikumbuki.

"Kijivu," akasema mama kutoka mekoni,
ambaye hakuna aliyemuuliza,
ambaye miaka yote hii hajalitamka jina lile.
"Mguu mmoja ulikuwa na tundu.
Nilimwambia aziache niitie kiraka.
Akasema lori halingoji."

Nazibrola akachovya kalamu.
Akaanza na lile tundu.