Ukufi wa Mchele

Rokimi wa Lunglei, kabla ya kuinjika sufuria,
huchota ukufi mmoja wa mchele
akautia kando, kwenye kopo la kanisa.
Ndivyo alivyofanya mama yake; ndivyo bibi yake,
hata mwaka ule mianzi ilipochanua
na panya wakamaliza mashamba.

Alingoja sauti.
Shemeji yake, Thangzuala, aliitwa ndotoni,
akaenda chuo cha theolojia, akarudi na joho.
Yeye aliambulia kimya
na vyombo vya kuosha.

Jumanne moja, kopo mkononi,
katibu akamwomba apitie wodi ya kifua kikuu:
kuna mtu hana ndugu.
Akaenda. Hakuhubiri. Alimkata kucha.
Kwenye kidole cha nne yule mtu akauliza:
“Wewe ndiye mchungaji?”
Akacheka. Nusura aseme siye.

Mwaka wa kumi na moja huu,
Jumanne kwa Jumanne, mkasi mfukoni,
mvua inamcharaza mlimani.
Sauti hajaisikia bado.
Vijana wakimuuliza aliitwa lini
hufikiri, hukosa tarehe,
hutazama kiganja:
punje mbili tatu zimenata.