Ngozi Hai

Miaka ishirini na sita nilishona glavu
katika kiwanda cha mtaa wa chini, hapa Pécs,
ngozi ya mwanambuzi, laini kama kope.
Kilipofungwa walitugawia mkasi mmoja mmoja
na barua ya shukrani, jina langu limekosewa.

Sasa nina hamsini na mmoja,
nimevaa koti jeupe linalobana makwapa,
nakaa dawati moja na Csenge, aliyezaliwa
mwaka niliong'olewa gego la kwanza.
Yeye hukariri misuli ya uso akitafuna bazoka.
Mimi huiandika kiganjani, na jasho huifuta.

Mwalimu Etelka hafundishi urembo. Neno hilo
hulitamka kama anayetema mbegu.
"Nawa mikono," husema. "Hapana. Nawa tena."
Wiki ya kwanza tulikanda puto lililopakwa krimu;
langu lilipasuka mara tatu.
Wiki ya pili tulikandana wenyewe kwa wenyewe,
nikajua kwamba Csenge, mcheshi wa darasa,
husaga meno usingizini: taya gumu kama kokwa.
Sikumwambia. Nilipunguza mkazo, nikazunguka polepole.

"Karibu na jicho, kidole cha pete," asema mwalimu,
"kwa kuwa ndicho kivivu, hakijui kutumia nguvu."
Changu hakina pete tangu theluji ya mwaka juzi.
Kivivu, ndiyo. Lakini kinasikia.

Jumamosi huja wateja wa nusu bei.
Nikapewa kitanda cha tatu, karibu na dirisha.
Fomu: miaka sabini na minne. Mzio: hakuna.
Dawa: za presha. Jina: Hajnal,
na jina la ukoo nililijua kabla sijamaliza kulisoma.

Msimamizi wangu. Mwaka wa tisini na tatu
alinikata mshahara wa siku nne
kwa mshono mmoja uliopinda.

Hakunitambua. Nani hutazama uso wa fundi?
Nikamfunga nywele, nikamfunika blanketi hadi kidevuni,
nikaweka pamba iliyolowa juu ya macho yake,
na mvuke ukaanza kupumua kati yetu.

Sijawahi kuwa na mamlaka namna hii:
koo lake chini ya viganja vyangu, likimeza mate.
Nikasafisha. Nikasugua. Weusi wa puani
nikaukamua kwa tishu, si kwa kucha,
na kila alipokunja uso, nikaacha.

Ndipo nikauona mkunjo wenyewe,
kati ya nyusi, mrefu, kama mkato wa wembe.
Ulianzia chini ya ile taa ya kijani, akihesabu jozi
usiku wa kufunga mwezi. Sisi tulitazama mikono yetu;
yeye alitukunjia uso,
na kazi ilipokwisha, uso ukabaki umekunjwa.
Mikono haiwezi kuukunjua kwa Jumamosi moja.
Nilijaribu, lakini. Mara thelathini, kwenda juu.

Bila kukusudia nikabana ngozi ya shavu
baina ya gumba na shahada, nikaivuta, nikaiachia
nione inarudi upesi kiasi gani.
"Hivyo ndivyo tulivyopima mbuzi," akasema chini ya pamba.
Sauti ileile.
"Ndiyo, bibi."
Mashine ya mvuke ikakohoa.
"Kidole gumba," akasema. "Cha kushoto."
Sikujibu. Nilikuwa nachanganya barakoa,
na udongo haungoji mtu.

Nilipompaka, midomo yake haikuweza tena kusema:
dakika kumi na tano, kwa kengele.
Csenge akanitazama kutoka kitanda cha pili, nyusi juu.
Mkono wa bibi ukatoka chini ya blanketi,
mkavu, wenye madoa, ukakaa pale.
Alikuwa amelipia uso tu.
Nikaupaka krimu iliyobaki, kidole baada ya kidole,
nikisukuma taratibu kwenye maungio,
kama tulivyokuwa tukimvisha mteja glavu mpya.