Kiberiti cha Baba

Mpunga umeshapurwa, magunia yamepanda pikipiki,
na shambani Chekereni yamebaki mabua,
na mimi, na kiberiti mfukoni.

Bwana shamba alikuja juzi na viatu vya mvua.
Akasema: Msichome. Yachanganyeni na udongo.
Tukaitikia. Sisi ni hodari wa kuitikia.
Alipoondoka, Senzota aliuliza, bila kuinua sauti:
"Yachanganywe kwa mkono wa nani?"
Mwingine akatania: tunaishi Moshi, tusifuke?

Zamu yangu ya maji ni Alhamisi.
Pawatila ya kukodi hainingoji;
majani marefu huizonga kama nywele kwenye kitana,
na mwenyewe anadai saa, hadai heka.
Moto haudai kitu.
Njiti moja, na upepo uliokubali.

Nakiri naupenda.
Naipenda ile sauti, kama mtu anakunjakunja gazeti,
panya wakitoka mbio kuelekea kwa jirani,
usiku mwekundu hadi ndani ya mfereji,
na asubuhi shamba jeusi, kama ubao uliofutwa.
Baba alikuwa akichota majivu, akiyapuliza kiganjani:
"Hii ndiyo mbolea yetu."
Sikuwahi kumuuliza kwa nini, basi,
kila msimu tulikopa gunia jingine la yurea.

Mwaka jana cheche ziliruka mfereji.
Lundo la Nakijwa, mafungu arobaini
aliyoyafunga kwa ajili ya ng'ombe wa dada yake, Uru,
liliteketea kabla sijapata ndoo.
Hakunitukana. Alisema tu,
"Shemeji, ng'ombe hali moshi."

Leo amerudi na reki. Fuso ya kukodi
imesimama kando ya mfereji, dereva anachokonoa meno.
"Nipe nusu," anasema. "Nitazoa mwenyewe."
Nusu! Napiga hesabu: Alhamisi, saa za pawatila, mgongo.
Na huko juu, nyuma ya migomba,
ng'ombe asiyewahi kuliona shamba hili
anasubiri kulicheua.

Nimempa upande wa mashariki.
Wa magharibi sijasema.
Tunazoa wote wawili, jua kwenye visogo,
mabua yanatuchanja mikono bila ubaguzi,
na kila nikiinama, kiberiti mfukoni
kinatikisika, chaka, chaka,
bado kimejaa.