Rangi ya Fedha

Miaka thelathini na mmoja nimepima sukari
katika kiwanda cha Liepāja,
magunia yakipita mbele yangu kama askari waliochoka,
na hakuna dereva aliyenipunja hata kilo.
Lakini Februari hii, mimi Skaidrīte,
mwenye jicho la mizani,
nimeuziwa mbuzi kwenye gunia,
na gunia lenyewe lilikuwa la kioo.

Nilikuwa naitafuta sarafu ya lati tano,
ile yenye msichana aliyegeuza uso upande
kana kwamba ameitwa na mtu asiyempenda.
Bibi yangu aliifanya bizimu ya shali
mpaka baridi ya arobaini na saba,
ilipogeuka kuwa viatu vya mama.
Hatukuizungumza tena.
Viatu vilivaliwa, vikaisha.

Usiku, upepo wa Baltiki ukilisukuma dirisha,
nikaliona tangazo:
*Lati tano, 1931, rangi ya fedha,
kutoka sanduku la marehemu babu.
Sina utaalamu. Picha zinajieleza.
Hairudishwi.*
Euro arobaini na tano.
Mimi nikasikia fedha.
Neno rangi lilikuwa limesimama palepale mlangoni
kama mtoto aliyekatazwa kusalimia wageni,
nami nikalipita.

Ilifika katika bahasha ya njano.
Nikaiweka kwenye mizani ya jikoni,
ninayopimia unga wa mkate.
Ilitakiwa iwe gramu ishirini na tano.
Mizani ikasema ishirini na moja, ikatulia.
Nikaiondoa, nikaipuliza, nikairudisha.
Ishirini na moja.
Nikapima yai, nione kama mizani imeugua.
Mizani ilikuwa nzima.
Nikageuza ukingo, mahali ambapo dua ya nchi
huizunguka sarafu kwa herufi ndogo:
palikuwa na vijimeno tu,
kama vya kifuniko cha chupa ya soda.

Nikamwandikia muuzaji.
*Mama, sikusema ni fedha. Soma.*
Nikasoma.
Kweli, hakusema.
Hapo ndipo nilipomwogopa:
alikuwa amenidanganya
bila kutamka uongo hata mmoja.

Tangu siku hiyo nasoma matangazo
kama nilivyosoma stakabadhi za madereva,
kuanzia chini, kwenye herufi za sisimizi.
Ajabu, jinsi mababu wanavyokufa kila Jumanne,
wote wakiacha sanduku,
wote wakiacha wajukuu wasiojua kitu
isipokuwa bei.
Nauliza: nionyeshe ukingo.
Iweke juu ya mizani, upige picha namba.
Huyu msichana wa pichani ndiye nitakayempokea,
au ni binamu yake?
Wengi hawajibu.
Kimya nacho ni jibu,
tena hakilipiwi posta.

Aprili, bwana mmoja wa Kuldīga, Gunvaldis,
akaitangaza ya kwake:
*Imekwaruzwa. Mgongoni ina kovu la kulehemu,
iliwahi kuwa bizimu.
Gramu ishirini na nne na nukta nane.
Wakusanyaji hawataitaka.*
Picha saba,
na ya kwanza kabisa ilikuwa ya kovu.

Sikumuuliza kitu.

Ile ya gramu ishirini na moja
nimeisukumiza chini ya mguu wa meza.
Meza haiyumbi tena; kazi hiyo inaiweza.
Hii ya kovu naishika jioni, taa ikiwa imezimwa,
kidole gumba kikipapasa palipokuwa na pini.
Raivo, mjukuu wangu, ananiuliza:
ndiyo ile ya bibi yako?
Nchi nzima ilivaa mabizimu kama haya, namwambia.
Sijui ilipita kwenye shali ya nani,
wala ilinunua viatu vya nani.
Nikisema ni yake,
nitakuwa ninaandika tangazo.