Kopo la Jeti

Limbert ameleta boksi kutoka soko la Alhamisi.
Limechorwa tai, limeandikwa nguvu zitaongezeka:
jeti nne za shaba, sindano moja nyembamba, springi,
na karatasi ya maelekezo
iliyoandikwa na mtu asiyewahi kuishiwa pumzi kwenye ngazi.

Hapa El Alto, mita elfu nne na ushei,
maji huchemka kabla hayajapata moto wa maana,
viazi hukawia, njiti ya kiberiti husitasita.
Nilimwambia.
Kijana wa miaka kumi na tisa
humsikiliza tai wa kwenye boksi kuliko mama yake.
Akafunga mia thelathini na tano, kubwa kuliko zote.

Pikipiki ikakohoa,
ikatapika moshi mweusi juu ya shuka za Hortensia,
ikafika kona ya duka la mikate, ikazama.
Akairudisha akiisukuma,
nami nikajifanya natafuta spana.

Nilifungua plagi, nikamwekea kiganjani:
nyeusi, imevaa masizi kama sufuria ya kuni.
"Umeilisha," nikasema, "kuliko inavyoweza kupumua."

Basi tukaanza upya.
Tangi kando, bakuli la kabureta juu ya gazeti la juzi,
skrubu zake nne kwenye kisosi.
Mia na thelathini, moshi.
Mia na ishirini na tano, bado inakabwa ukifungua mafuta yote.
Mia na ishirini, afadhali, ila katikati inajikwaa.
Klipu ya sindano tukaipandisha tundu moja,
kisha jingine, vidole vyangu vimekufa ganzi,
klipu ikaruka.
Tuliitafuta nusu saa kwa sumaku na kwa matusi.
Ilikuwa imenasa kwenye sweta yangu.

Jeti ndogo zaidi boksi halikuwa nayo.
Nikaichukua ile mia thelathini na tano,
nikaliziba tundu lake kwa risasi ya kulehemu,
nikalitoboa upya kwa kekee nyembamba, nikiizungusha kwa vidole,
nikipima kwa waya mnene wa gitaa la marehemu baba yake.
Juu bado imechongwa mia thelathini na tano.
Inasema uongo.
Ukweli wa tundu naujua mimi.

Jioni akaifungulia mpaka kwenye mnara wa simu,
akazima injini akiwa mbioni, akabana klachi,
akaiacha iserereke mpaka isimame, kama nilivyomfundisha.
Plagi ikatoka na rangi ya ganda la mkate.
Akacheka, akanibusu na masizi yake.
"Jumatatu nashuka Caranavi, mama. Kahawa imeiva."

Sikucheka.
Nilikuwa naihesabu barabara:
kwanza kupanda La Cumbre, kwenye theluji,
kisha kushuka, ukungu, kushuka, matope, kushuka,
mpaka huko chini ambako hewa ni nzito kama supu
na kitundu changu kitakuwa kijiko cha mtoto
mezani pa mtu mzima.
Injini iliyoshiba kupita kiasi hukohoa, unaisikia.
Yenye kiu huimba.
Huimba vizuri mno, hadi pistoni inapoyeyuka.

Nimemtilia jeti tatu kwenye kopo la dawa ya kifua,
na bisibisi fupi, na kitambaa.
"Ukianza kuona migomba, simama.
Usingoje kivuli, usingoje mwenzako.
Funga mia na ishirini.
Ukitokwa jasho nawe umekaa tu, mia na ishirini na tano.
Mia na thelathini kaa nayo. Huko chini sikujui."
"Nimesikia, mama."
Kopo likalia mfukoni mwake, kachaa, kachaa.

Aliondoka alfajiri. Nilimsikiliza mpaka kizuizi cha polisi:
gia ya tatu, safi, ya nne, safi,
kisha mbwa wa jirani wakaniharibia.

Karatasi ya maelekezo nimepangusia mikono.
Mstari wa mwisho bado unasomeka: kaza, washa, furahia.
Habari ya kushuka haimo.