Fundo la Bwana Thibodeau

Saa kumi alfajiri, ghorofa ya tatu, Lowell.
Theluji inalamba kioo kama ndama.
Nimemgeuza Bwana Thibodeau ubavu wa kushoto,
nimeandika saa, nimeandika mkojo, nimetia sahihi:
Mghoi, msaidizi wa muuguzi.
Neno hilo, msaidizi, nimelivaa miaka tisa.
Mwanzo lilinipwaya.
Siku hizi linanibana makwapani.

Kwenye meza ya zamu nimefungua bahasha mbili.
Ya kwanza, nyembamba, ya chuo cha hapa mjini:
miaka miwili, stashahada, mtihani wa leseni,
halafu ukiwa kazini urudi tena darasani,
shahada uitafute usiku kwenye kompyuta,
kipande kwa kipande, kama mtu anayelipia friji.
Ya pili nene, ya chuo kikuu:
miaka minne mfululizo, mchana kweupe,
shahada nzima isiyo na kiraka,
na deni refu kuliko namba ya simu ya Wundanyi.

Wifi yangu Wakesho anasema, soma mara moja umalize,
hospitali kubwa za Boston hazina haja na vipande.
Mumewe amenipigia hesabu nyuma ya risiti ya petroli:
chukua fupi, uanze kulipwa, mengine yatakukuta njiani.
Na mama, kwa simu, bila hata salamu:
"Njia mbili zilimshinda fisi."

Mama, fisi alikuwa na njaa tu.
Hakuwa na kodi ya nyumba kila tarehe mosi,
wala kijana wa darasa la mwisho
anayejaza fomu ya msaada wa karo
meza moja na mamake, kalamu moja,
akiuliza, "Hapa kwenye kipato cha mzazi niandike nini?"
nami nikikodolea macho
pengo hilohilo kwenye fomu yangu.

Kengele. Chumba cha kumi na nne.
Vidole vya Bwana Thibodeau vimeamka kabla yake,
vinasokota upindo wa blanketi,
vinaunga uzi ambao haupo.
Alikuwa mfumaji, ng'ambo ya mfereji,
kwenye kiwanda cha matofali mekundu
ambacho sasa ni fleti za watu wenye vijibwa.
Siku moja yenye nafuu aliniambia:
"Uzi hukatika. Msimamizi hakuuliza umekatika mara ngapi.
Alipitisha kidole gumba juu ya kitambaa.
Akilihisi fundo, mshahara umepungua."
Akanionyesha namna ya kulifunga. Sikushika.

Nampitishia kidole mgongoni, chini, penye mfupa.
Wekundu. Nabonyeza; haufifii.
Ninajua ni nini. Nilijua tangu jana.
Lakini kalamu yangu hairuhusiwi kuliandika jina lake,
kwa hiyo napiga simu, nangoja, nimeshika kiuno cha mzee
kama mtu aliyeshikilia mlango wa mwenzake.

Anakuja Sopheap, muuguzi wa zamu, nywele mvua.
Anabonyeza palepale nilipobonyeza.
Anaandika jina.
Alipitia njia gani huyu, fupi au ndefu?
Miaka mitatu tumefanya kazi pamoja na sijui.
Kidole chake hakikunieleza.

Saa moja na nusu, maegeshoni.
Kikwaruzio cha barafu kimevunjika mpini.
Nimetafuta kwenye kiti cha nyuma, chini ya viatu,
mwisho nimekwaruza kioo kwa bahasha ile nene.
Karatasi nzuri. Haikupinda.
Nimeiweka juu ya hita ikauke,
huenda kijana akaitaka.
Ile nyembamba nimeiegemeza kwenye usukani,
nikapulizia kalamu iliyoganda,
nikaanza: Jina.